Kivuli cha Siwema

Hebu fumbeni macho, mwone ua wenye kamba ndefu ya kuanikia. Juu ya kamba hakuna nguo. Vimeanikwa vivuli.

Hapo zamani, ua huo ulikuwa wa Bi Rehani na wanawe wawili. Walikuwa wezi wa vivuli, tena walipendana sana. Shali, kaka mtu, alichagua. Kidawa, dada yake, alikata kwa mkasi. Mama alikunja, akawauzia watu wa nchi isiyo na miti. Nyumba yao ilikuwa na mwiko mmoja: kivuli cha mtoto hakiguswi, kwani mtoto asiye na kivuli hakui.

Jioni moja Shali aliona kivuli kirefu kimelala barabarani. “Kidawa, njoo! Jitu zima hili!” Kidawa akakata huku amefumba macho, maana mila yao ilimkataza mkataji kumtazama mwenye kivuli, asije akamhurumia. Mama akakunja. Akakiona chepesi kama leso. Akanyamaza, akakiuza.

Kumbe jua la jioni hurefusha kila kitu. Kivuli kilikuwa cha Siwema, binti mdogo wa mfinyanzi.

Wenzake wakakua, yeye akabaki vilevile. Ndipo mfinyanzi akamleta mlangoni kwa Bi Rehani.

“Sikuja kugombana,” alisema. “Mlichouza hakirudi. Mmoja wenu atoe chake, kishonwe miguuni pa mwanangu.”

Wakatazamana. Mtoto asiye na kivuli hakui tu, lakini mtu mzima asiye nacho husahauliwa na nduguze. Atakula nao sinia moja, nao watamwuliza, “Karibu, ndugu. Umetoka wapi?”

“Kaka ndiye aliyechagua,” alisema Kidawa. “Macho hayo ni ya kukonyezea wasichana tu?”

“Na mkasi ulikuwa mkononi mwa nani? Ungefumbua jicho moja tu!”

“Nilifumba kama mama alivyonifunza!”

Bi Rehani akainamisha kichwa. “Mimi nilijua, wanangu. Nilijua nilipokikunja. Lakini kilikuwa kimeshakatwa. Na mkinisahau mimi, nani atawakumbusha kuwa ninyi ni ndugu?”

Mkasi ukabaki chini, katikati yao.

Je, uwekwe miguuni pa nani? Pa aliyechagua, pa aliyekata, au pa aliyejua akanyamaza?

Jadilianeni taratibu, kila mtu asikilizwe. Ila nawaomba mkumbuke jambo moja: wakati sisi tunabishana, Siwema bado amesimama pale mlangoni, juani.