Mto Ulipomhama Mzee Mkumba

"Mto ukihama, buruta mtumbwi." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo yule mama wa chapati anayelia kwa kuwa stendi imepelekwa upande wa pili wa mji, nanyi mmekuja mbio kuuliza mtumbwi gani tena, na hapa hakuna hata dimbwi. Haya, kaeni. Methali hii ina mwenyewe, na ilianza hivi.

Zamani, katika kijiji cha Nyamkopo, bondeni Rufiji, alikuwapo mvushaji aitwaye Mzee Mkumba. Mtumbwi wake aliuchonga baba yake kwa gogo moja la mvule, na mto aliujua kama mtu anavyoujua ua wa nyumba yake. Angeweza kuvuka amefumba macho. Wengine husema alikuwa akilala usingizi kabisa, upondo wake wa kusukumia mtumbwi ukaendelea na kazi wenyewe.

Kisha ikaja mvua ya mwaka ule. Mafuriko yalipotulia, watu waliamka wakakuta mto haupo. Umehama! Umezunguka nyuma ya kijiji, ukapita kati ya nyumba na mashamba ya mpunga, umechukua samaki wake na vyura wake wote. Aliyeachwa ni kiboko mmoja tu mwenye usingizi mzito. Asubuhi alionekana akipita mlango kwa mlango, na wasemao kweli wanasema alikuwa akiuliza njia.

Kiboko aliuliza. Mzee Mkumba hakuuliza. Alikwenda pale pale pa siku zote, akaketi ndani ya mtumbwi juu ya mchanga mkavu, upondo mkononi.

"Utarudi," alisema. "Mto una adabu zake. Hauwezi kuondoka bila kuaga."

Watu walimheshimu, maana hakuna mtu kijijini ambaye hakuwahi kuvushwa naye. Basi mtu akitoka safari, badala ya kukata mchanga moja kwa moja, aliingia mtumbwini kwa mbele, akaketi, akamwamkia, akauliza hali ya maji, kisha akatokea kwa nyuma. "Angalia usilowe," Mzee Mkumba alimwambia, na msafiri akapandisha msuli wake kidogo, kwa heshima.

Lakini nyuma ya kijiji hapakuwa na mzaha. Wanawake waliokwenda kulinda mpunga walivuka kwa miguu, maji yakiwafika kifuani, na mamba wakiwatazama kama watu wanaosubiri sinia. Bi Siwatu, mke wa Mzee Mkumba, alikuwa mmoja wao. Kila jioni alirudi amelowa, akaanika kanga yake mbele ya mumewe bila kusema neno. Mzee aliitazama ile kanga ikidondosha maji, chakula kikamshinda.

Na jua nalo lilikuwa kazini. Siku moja aliona ufa kwenye tumbo la mtumbwi, mwembamba kama unywele. Akaukalia, asije mtu akauona.

Sasa mtu mzima kama huyo nani atamwambia? Mke keshanyamaza, majirani wanaona haya. Dawa yake ni mtani. Na Mzee Mkumba alikuwa na mtani wake kutoka milimani, Bi Nambunga, mwanamke mwenye sauti ya kupasua nazi. Alikuja kutembea, akaona mambo yalivyo, akajifunga kanga kiunoni na kuangua kilio.

"Uwiii! Jamani, maiti ameanikwa juani na ninyi mnamtazama tu?"

Watu wakajaa. Msibani mtani ana ruhusa zake, na akishika jembe hanyang'anywi. Bi Nambunga akautandazia mtumbwi bafta nyeupe ya sanda, akaanza kuchimba kando yake.

Mzee Mkumba alicheka. "Unachimba nini, we chizi wa milimani?"

"Nyumba ya marehemu. Alikuwa anaumwa nini?"

"Hajafa!"

"Hajafa? Tangu masika hajaonja maji, ngozi imempasuka, na wewe umemkalia kidonda ili watu wasikione!"

Kicheko kikamkauka mzee. Jembe likapiga tena. Akajitupa juu ya mtumbwi, akaukumbatia. "Usiuguse! Hii ni kazi ya mikono ya baba yangu."

"Basi upeleke ukanywe maji."

Mzee Mkumba akasema kwa sauti ndogo, "Ule mto siujui, Nambunga. Hapa nilijua kila kisiki. Kule nitakwama mbele ya watoto niliowavusha wakiwa migongoni mwa mama zao. Nianze kujifunza leo, na mvi hizi?"

Bi Nambunga akaweka jembe chini. "Ndugu yangu, mto nao ni mgeni kule. Haujajua hata pa kulala. Kajifunzeni pamoja." Kisha ile sauti ya nazi ikarudi: "Mto umehama! Buruta mtumbwi, au niendelee kuchimba!"

Mzee Mkumba akainama, akagusa mchanga, akauaga ule mto ambao haukumuaga. Ndipo akashika kamba.

Waliuburuta kijiji kizima, juu ya magogo. Wapo wasemao hata yule kiboko alisukuma kwa nyuma, na kiboko mwenyewe hajawahi kukanusha. Sanda ikachanwa, ikapakwa ulimbo, ikaziba ufa.

Abiria wa kwanza alikuwa Bi Siwatu. Hawajafika katikati, mtumbwi ukakwama. Watoto ukingoni wakacheka, kama alivyohofia. Mzee Mkumba akamgeukia mkewe.

"Siwatu, nipite wapi?"

Bi Siwatu akafungua kinywa kilichofungwa siku nyingi. "Rudi nyuma kidogo. Kushoto kuna shimo, kulia kuna fungu la mchanga. Pita katikati. Nimeupima kwa kifua changu."

Akapita katikati. Jioni ile Bi Siwatu alirudi nyumbani na kanga kavu.

Miaka ikapita, mto ukahama tena. Watu walipotoka nje asubuhi, Mzee Mkumba alikuwa tayari njiani, kamba begani, na kiboko nyuma yake, safari hii haulizi njia.

Basi yule mama wa chapati mwacheni alie kidogo, kuaga ni haki ya mtu. Akimaliza, nendeni mkamsaidie kubeba lile jiko. Mto ukihama, buruta mtumbwi.