Uzi wa Bwana Mkuu

Huko Muheza aliishi tajiri mmoja, Mbelwa, Bwana Mkuu wa Udugu wa Timazi, chama chenye jina la kipimo cha waashi. Wanachama waliitana ndugu, walivaa aproni nyeupe na kufundishana uadilifu kwa vifaa vya uashi, ingawa hakuna aliyewahi kubeba tofali. Jirani yake, Semeni, alikuwa mwashi kwelikweli.

Mbelwa alianza kujenga ukuta hatua sita ndani ya kiwanja cha Semeni, akayafukia mawe ya mpaka, kisha akamwita Semeni mwenyewe aumalizie.

“Ukikataa, hupati kazi tena mji huu.”

“Nitaumaliza, Bwana Mkuu,” alisema Semeni kwa unyenyekevu. “Ila vifaa hivi navishika tu, maana yake siijui. Waite ndugu zako Jumapili, unifundishe mbele yao.”

Mbelwa alivimba kichwa. Jumapili ndugu arobaini walisimama juani kando ya ukuta, naye akainua uzi wa uashi.

“Uzi huu ni haki! Hauna rafiki wala jamaa.”

“Na ukuta uliokiuka uzi, Bwana?”

“Unabomolewa, hata ukiwa wa baba yangu!”

Ndugu walipiga makofi. Semeni aliupokea uzi, akafagia majani makavu kwa mguu, na mawe mawili ya mpaka aliyoyafukua alfajiri yakaonekana. Alifunga ncha moja kwenye jiwe hili, ya pili akampa katibu wa chama aifunge kwenye lile. Uzi ulikaza, na ukuta wote ukaonekana upande wa Semeni.

Semeni akamkabidhi Mbelwa nyundo.

“Bwana Mkuu, tuanze na wa baba yako, au huu wako?”