Daftari la Dua la Siwema

Sogeeni jamani. Simu zenu zilazeni kifudifudi, leo zisisikie. Ninyi mtoe masikio, mimi nitoe ulimi.

Katika mji wa Changarawe walikuwako wanawake watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Tunu, fundi wa kompyuta, alijua kuyafungia maneno ndani ya mashine yasifunguke ila kwa neno lake la siri. Mashavu, karani mstaafu wa mahakama, aliijua sheria kama wengine wanavyojua njia ya sokoni. Na Siwema, mwalimu wa chuo cha Kurani, alijua kuomba. Alikuwa na daftari la jalada la kijani alilorithi kwa mama yake, limejaa majina ya watu wa kuombewa: kurasa za mwanzo kwa mwandiko wa marehemu, zilizofuata kwa wake. Kila baada ya alasiri alilifungua, akawataja mmoja mmoja mbele ya Mola wao.

Watatu hao walikuwa na ukurasa mtandaoni, wakiuita Kibao. Aliyeona uovu mjini aliuandika pale bila kutajwa. Tunu alitunza mashine, Mashavu alipima maneno, na Siwema aliwapigia waandishi simu ahakikishe wanasema kweli. Sharti lao lilikuwa moja: ukishahakikisha, jina lisahau.

Siku moja Kibao kikatoa picha ya dawa za watoto za zahanati. Tarehe ya zamani ya mwisho wa kutumika ilikuwa imekwanguliwa, na juu yake imebandikwa mpya. Aliyeipiga picha hiyo alikuwa Hidaya, muuguzi wa palepale, mwenye mimba ya miezi minane. Akina mama wakazirudisha chupa kwa makelele. Siku ya tatu ikaja barua ya ofisi ya wilaya: leteni jina la aliyetuma. Hidaya angejulikana, angejifungulia rumande.

Wa kwanza kuchukuliwa ni Tunu, yeye na mashine yake. Mashine ile ilihifadhi namba ya kila mwandishi kwa siku saba, kisha huifuta yenyewe. Zilibaki siku nne.

"Neno la siri, binti," alisema afande.

"Nimelisahau."

"Utalikumbuka."

"Labda wiki ijayo, afande. Kichwa changu kizito."

Wakamnyima usingizi. Wakamsimamisha hadi miguu ikamvimba kama mihogo. Hakusema. Siku ya saba ilipoisha, mashine ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa.

Lakini Tunu akiwa bado ndani, neno jingine lilivuma: mwalimu Siwema ana daftari. Na nani alilivumisha? Siwema mwenyewe. Wanawake walimsifu darasani, naye akajibu, "Ninawaombea kwa majina, na wale wa Kibao pia nimewaandika wote." Kujisifu kidogo tu. Kweli alikuwa amewaandika, na ukurasa wa mwisho ulisema: *Hidaya wa zahanati, kwa ile picha, Mola amkinge.* Mola anawajua waja wake bila daftari. Siwema alilijua hilo, hata hivyo akaandika.

Jumatatu askari wanne walifika kwake. Yeye yuko chuoni, daftari liko dirishani. Mashavu, jirani yake, akavuta kigoda akakaa kizingitini, kiuno kikimuuma, akavaa miwani.

"Nionyesheni hati, wanangu. Hm. Muhuri upo. Sahihi ya hakimu iko wapi?"

"Mama, usitupotezee wakati."

"Nimepiga mihuri miaka thelathini. Hii ni karatasi ya kufungia karanga. Mkitaka kuingia, nirukeni mimi mtu mzima, na watu wale wote wawaone."

Watu walikuwa wamekwisha kujaa njiani. Askari wakaondoka, wakaapa kurudi kesho na sahihi.

Jioni Mashavu akamwuliza Siwema, "Umelichoma lile daftari?"

"Nimelichoma."

Hakuwa amelichoma. Alikuwa amelikalia juu ya mswala, akifungua kurasa za mama yake, ile herufi ya Kiarabu ya mim iliyopinda kwa mkono wa uzee. Alijiambia, kesho. Akalala nalo chini ya mto.

Kesho yake askari walikuja mapema kuliko alivyodhani. Siwema alikuwa jikoni anakoroga uji, akasikia buti uani, akakimbia kulitoa daftari chini ya mto, akarudi nalo. Angechana ukurasa mmoja? Majina ya wengine yalikuwa humo kila mahali, yamechanganyika na ya wafu wake. Mlango ukagongwa. Akasema bismillahi, akalisukuma daftari zima chini ya chungu. Karatasi ya zamani hushika moto upesi. Mwandiko wa mama yake ulijikunja, ukang'aa mara moja, ukaisha.

"Unachoma nini humo?" askari aliuliza.

"Kuni zimelowa, mwanangu."

Askari akachokoa jivu kwa rungu. Halikumwambia kitu.

Mahakama ikalitupa shauri la Kibao kwa kukosa ushahidi, dawa zile zikaondolewa, Tunu akarudi akichechemea. Hidaya akajifungua salama, nyumbani kwake, mtoto wa kike. Siku ya saba, siku ya akika, aliwaita wote watatu.

"Mtoto ni mmoja," alisema. "Nataka abebe jina la aliyeniokoa. Nani?"

Siwema akasimama, machozi yanamtoka. "Mimi msinihesabu. Mimi ndiye niliyekuandika, mimi ndiye niliyesema. Na Mashavu nilimdanganya. Nilichozima ni moto wangu mwenyewe."

Mashavu akavua miwani. "Umenikosea, mwalimu. Ningejua, ningeingia nikalichoma mwenyewe."

"Lakini Bi Mashavu," alisema Tunu, "miguu yangu itapona. Kiuno chako utakikanda. Mwandiko wa mama yake haurudi."

"Kwa hiyo mimi niliyewazuia na kiuno hikihiki, nipewe mchuzi tu?"

Watu wakacheka. Siwema hakucheka.

"Jamani," mama mkwe wa Hidaya aliita kutoka uani, "mbuzi keshachinjwa, shehe anangoja. Jina!"

Tunu asingenyamaza, mashine ingesema. Mashavu asingekaa kizingitini, daftari lingeokotwa dirishani. Siwema asingelichoma, lingekutwa chini ya mto. Lakini asingeliandika, pasingekuwa na cha kuokota.

Shehe ameinama, sikio liko tayari. Haya, wenzangu: mngekuwa ninyi Hidaya, mngemnong'oneza jina la nani?