Kitanda cha Aliyemwokoa Shemeji

Hapo zamani, nanyi niazimeni masikio, huko Handeni aliishi mjane kipofu, Bi Mwajabu. Alifuga panya buku akamwita Shemeji. Nyoka akiingia ndani, Shemeji hupiga kelele, Bi Mwajabu akajua pa kukimbilia.

Siku moja Shemeji alikwenda kuiba mihogo kwa jirani. Akaparamia seng'enge, ikamchana tumbo. Damu churuzi, churuzi!

Bi Mwajabu akapiga ukunga: "Shemeji anakufa! Atakayemwokoa nampa kitanda changu cha mninga!"

Watu wakaja mbio, wengine na sanda kabisa. Wakakuta panya.

Mndolwa mchinjaji akainama. "Mishipa naijua mimi. Damu ya ukuta wa tumbo hushuka kutoka kifuani." Akabana chini ya mbavu. Damu ikaendelea.

Bi Semeni mkunga akamsukuma. "Toa dole lako! Nilianza kukanda matumbo hujaota ndevu. Damu hiyo hupanda kutoka kinenani." Akabana kinena. Damu ikaendelea.

"Juu!"

"Chini!"

"Juu, mama!"

"Chini, mwanangu!"

Shemeji akalegea.

Sekiondo, fundi cherehani, hakujua mshipa wala msuli, ila kelele zilimchosha. "Mndolwa, bana juu. Bi Semeni, bana chini. Na midomo muibane pia!"

Wakabana wote wawili. Damu ikakatika. Kumbe mshipa wa juu na wa chini hukutana katikati ya tumbo. Ukizibwa mmoja, mwenzake huleta damu. Sekiondo akashona kwa uzi wa suruali. Shemeji akapona, akawang'ata wote watatu.

Ikaja habari ya kitanda.

Mndolwa akasema, "Bila kidole changu, damu ya juu ingemmaliza."

"Na bila changu, ya chini ingemmaliza," akasema Bi Semeni.

"Vidole vyenu vilikuwepo tangu mwanzo," akasema Sekiondo, "na panya alikuwa anakufa."

"Wewe ulitaka tunyamaze tu!" wakadakia wale wawili.

"Ndiyo. Na nani aliyeshona?"

Bi Mwajabu akashindwa kuamua. Kitanda amekwisha kukitoa nje, uani, yeye analala mkekani, na wingu la mvua limeanza kutanda. Wasikilizaji wangu, mwamulieni upesi mama wa watu: je, kitanda kile alistahili nani?