Nyani Waliotoka Bila Kutoka

Paukwa!

Pakawa. Haya, mmeitika kama watu waliolalia kiporo, lakini twende hivyo hivyo.

Hapo kale, kale sana, nyani, twiga na swala walikuwa na Umoja wa Bwawa. Twiga alitazama mbali. Swala alinusa upepo. Nyani alikaa juu ya mti, adui akitokea anapiga kelele. Wote wakanywa, wote wakarudi nyumbani na mikia yao.

Siku moja nyani wakachoka. Wakasema koo zao zinawakauka kwa ajili ya swala, na swala hata asante hajui. Wakapiga kura. Waliotaka kutoka wakawazidi kidogo waliotaka kubaki. Wakashangilia mpaka matunda mabichi yakadondoka.

Sasa palikuwa na Chausiku, nyani mwenye mtoto mgongoni na ugonjwa wa kuuliza. Akauliza, "Tukishatoka, tutakunywa wapi?"

Spika wao, Mzee Kipara, akasema hilo litaamuliwa barazani. Mpaka hapo, nyani yeyote asiguse maji, maana haijulikani atakunywa kama mwenyeji au kama mgeni.

Na baraza la nyani lina desturi yake. Anayekubali humtazama msemaji. Anayekataa humgeuzia mgongo.

Akasimama Kidevu, akasema watoke kabisa, wachimbe kisima chao mchangani. Waliolipenda bwawa wakageuza migongo. Wavivu wa kuchimba nao wakageuza. Hoja ikaanguka.

"Kwa hiyo tutakunywa wapi?" akauliza Chausiku.

Akasimama Bi Mashavu, akasema watoke nusu: kulinda waache, kunywa waendelee. Wakageuza migongo.

"Kwa hiyo tutakunywa wapi?"

Mwingine akanong'ona kwamba labda warudi tu. Huyo ndiye aliyegeuziwa migongo mpaka ya watoto. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Kweli, lakini Mzee Kipara, pale kitini, aliyaona ya taifa zima.

Wakatuma mjumbe kwa Twiga kuomba muda wa kuamua. Wakapewa. Wakaomba tena, wakapewa. Mara ya tatu Twiga akainamisha shingo, akasema, "Muda ninao, kiu mnayo nyinyi. Kila siku mnaniambia msichokitaka. Mnataka nini?"

Mjumbe akarudi na swali hilo. Wakaligeuzia migongo nalo.

Maziwa ya Chausiku yakakauka. Mtoto alilia, kisha akaacha kulia, na huko kuacha ndiko kulikomtisha mama yake. Akateremka naye bwawani, wawili tu.

Akatazama juu ya mti. Mahali pa nyani amekaa ndege hondohondo, domo kama jembe, anapiga kelele vizuri tu.

"Dada," Twiga akamwambia, "unakunywa kama nani? Mwenyeji hunywa akishalinda. Mgeni huomba, akanywa mwisho."

"Baraza halijaamua."

"Sijaliuliza baraza."

Chausiku akayatazama maji. Akamtazama mtoto. "Basi mimi ni mgeni. Naomba."

Akangoja wote wakanywa, naye akanywa. Mtoto akanywa, akapiga chafya, akalia. Jamani, kuna kilio kitamu kuliko wimbo.

Akarudi barazani maji yakimdondoka kidevuni. Baraza zima likageuka kumtazama. Mzee Kipara, aliyekuwa amesahau sura za wajumbe wake, akagonga jiwe upesi, akasema hoja imepita.

"Hoja gani?" akauliza Kidevu.

"Hiyo aliyokuja nayo. Kaa chini, au hama."

Kidevu akahama. Akaenda kuchimba mchangani, na mpaka leo ukipita penye mto mkavu utawakuta wajukuu zake wanachimba.

Waliobaki wakateremka bwawani, wakaomba warudishiwe mti wao. Hondohondo hakushuka. Basi wakapanga foleni nyuma ya swala, nyuma ya ngiri, nyuma hata ya kobe, na zamu yao ilipofika maji yalikuwa tope. Wakanywa. Mtoto wa Chausiku alinenepa kwa tope hilo hilo.

Funzo lake, wasikilizaji: kukataa ni rahisi, mgongo kila mtu anao. Ukiinuka kitini, ujue kwanza unakwenda kukaa wapi, maana kiti hakimngoji aliyeinuka.

Ngano yangu imeishia hapa. Ikiwanogea, gawaneni, ikiwachachia, nirudishieni chungu changu.