Meno ya Mwana wa Mwadhini

Hebu niambie, wewe mzazi uliyeketi hapo na tasbihi yako: mwanao akimng'ata mwenziwe, hutanguliza nini, sikio au mkanda?

Usinijibu. Najua. Ulitanguliza mkanda, kisha ukamwambia jirani kwamba hiyo ndiyo discipline, na jirani akatikisa kichwa kana kwamba umetoa fatwa. Basi tulia usikilize habari za watu waliokuwa bora kuliko sisi, waliokosea kama sisi, ila wao walipoonyeshwa kosa walirudi nyuma. Hapo ndipo wanapotuacha mbali.

Wapokezi wa habari za waja wema wametufikishia, na Mola ndiye Mjuzi wa yaliyofichika, ya kwamba katika mji wa Mwamtawa, zama za mababu wa mababu zetu, alikuwako mwadhini aitwaye Bwana Shee bin Mahadhi. Mwenyezi Mungu alimruzuku sauti. Si sauti hizi za spika zinazokoroma kama jenereta bovu, la. Yeye aliponadi, wasukaji mikeka waliweka ukindu chini, na mgonjwa aliyekwisha kukata tamaa aliitisha maji ya kutawadha. Wala hakupata kumwachia mtu adhana yake, kwa homa wala kwa msiba. Siku aliyomzika mamake alipanda juu ya msikiti na udongo wa kaburi ungali kuchani.

Na mja huyu, pamoja na uzuri wa ibada yake, Mola alimjaribu nyumbani. Mwanawe wa pekee, Shekuwe, mtoto ambaye hata meno ya utoto hayajaanza kumng'oka, alikuwa anauma watu. Sisemi kutania kwa meno, anauma. Alimuuma binamu yake begani. Alimuuma mtoto wa mfua fedha sikioni. Na siku ya Maulidi, mbele ya halaiki, akamuuma Mselemu, mtoto wa kadhi, tena mkono wa kulia, mkono wa kulia chakula.

Baba akamchapa. Mtoto akauma. Baba akazidisha kuchapa, mtoto akazidisha kuuma. Mwenye akili timamu angeuliza mbona dawa hii inanenepesha ugonjwa. Lakini sisi, ya akhi, tukiona dawa haiponyi huongeza kipimo.

Mji ukafanya kazi ambayo miji haichoki kuifanya. "Ana pepo yule." "Pepo gani, shoga? Mamake anamdekeza." "Hata mbwa hamng'ati amlishaye!" Mamake, Mwana Zena, akaacha kwenda kisimani asubuhi, akawa anakwenda jua la utosi, wakati ambao hapana mtu wa kumtazama.

Mwisho kadhi akatoa hukumu. Mtoto apelekwe chuoni kwa Mwana Hidaya binti Sudi akafundishwe adabu na Kitabu. Akiuma tena, atolewe chuoni asirudi. Na chuo kingine mjini hakikuwako. Fahamu maana yake: katika mji ule asiyesoma chuo hakusimama mbele ya safu, hakushuhudia nikahi, hakuwekeshwa amana hata ya kuku. Mtoto wa mwadhini angekua mgeni katika mji wa babake.

Asubuhi Bwana Shee akamshika mkono kijana, akachukua mkeka mdogo, ubao wa kuandikia, sinia ya bisi na tende, na bakora ya mkwaju iliyokwisha kupakwa mafuta. Akasimama mbele ya mwalimu akasema maneno yaliyosemwa na kila baba kabla yake:

"Mwana, nimekuletea kijana. Nyama na ngozi ni zako. Mimi nirudishie mifupa."

Ndiyo iliyokuwa desturi, na msijifanye hamuijui. Baba husema hivyo, na mwalimu hujibu, "Nimepokea." Wako waliopokea kwa furaha mno, mpaka hiyo mifupa yenyewe ikarudi na nyufa.

Mwana Hidaya, Mola amrehemu, hakusema amepokea. Alikuwa anakoroga wino wa masizi, akaendelea kukoroga.

"Bwana Shee, mimi si mchinjaji. Nyama naipelekea wapi?"

Wanafunzi wakubwa wakacheka ndani ya viganja.

"Mwana, hayo ni maneno ya wazee wetu."

"Nayajua. Yalisemwa juu ya kichwa changu nikiwa kimo cha huyu, na nilikojoa papo hapo. Amana, bwana wangu, hurudishwa kama ilivyopokelewa. Ukinipa mtoto mzima, nitakurudishia mtoto mzima. Ukinipa mifupa, mpelekee fisi."

"Na hii bakora?"

"Iache. Pana mbuzi wa jirani anayenilia mikeka."

Bwana Shee akaondoka ameuma mdomo. Na Mwana Hidaya akaanza kazi ambayo baba mtu, pamoja na swala zake zote, hakuwahi kuifanya: akamtazama mtoto. Full stop. Hakumwombea dua kwanza, hakumfukiza ubani. Alimkalisha karibu naye, akawa anamtazama vile mpishi anavyotazama maziwa jikoni.

Haukupita muda. Siku moja Shekuwe alitaka kalamu yake ya unyasi, iliyokuwa imeangukia upande wa Mselemu. Akanyoosha kidole. "Ka... ka... ka..."

"Kaka?" akasema Mselemu.

"Ka... ka..."

"Kaa? Kanzu? Kaniki? Sema, bwana, au umemeza kuku?"

Chuo kizima kikaangua kicheko. Mwana Hidaya akaona mishipa ya shingo ya yule mtoto inavimba, akaona taya zinafunguka, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kusema neno, akatia mkono wake baina yao. Meno yakashika. Damu ikatoka.

"Ameuma! Ameuma tena!" Watoto wakatoka mbio kwenda kwa kadhi, kwa furaha ile ile watu wanayokimbilia nayo nyumba inayoungua.

Kadhi akaja na watu wawili watatu. Akauliza kwa upole, maana alimheshimu: "Mwana Hidaya, mtoto ameuma?"

Angeweza kusema amejikata na kisu. Nani angembishia? Mkono ulikuwa wake, chuo chake. Na Shekuwe alikuwa amejikunyata nyuma ya kanga ya mwalimu wake.

"Ameuma," akasema. "Ameniuma mimi. Sitamwongopea Mola ili nimfae mtoto. Lakini, Sheikh, wewe ndiwe uliyetufundisha sheria: jeraha ni la nani?"

"Lako."

"Na mwenye haki ya kudai ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi nimesamehe. Kwaherini, watoto wana kisomo."

Kadhi akatabasamu kama mtu aliyefungwa bao kwa kete zake mwenyewe. "Umesamehe lako," akasema. "Akimuuma mwingine, hukumu iko pale pale." Akaenda zake.

Msidhani aliyesamehe alilea mchezo. Kusamehe si kufumba macho. Alimwita Shekuwe, akampa maji ya uvuguvugu na kitambaa. "Osha ulipouma." Mtoto akaosha, machozi yanadondoka ndani ya maji. Ikawa kila asubuhi kabla ya kisomo ni yeye anayeosha lile jeraha na kulipaka mafuta ya karafuu, mpaka likafunga. Naye mwalimu alimwambia: "Meno ni ya mkate, mwanangu. Ulimi ukikwama, piga kiganja chini. Ukipiga, nitanyamazisha chuo kizima, na tutakusubiri hata ikiadhiniwa adhuhuri." Na kwa wote akaweka sharti: katika chuo hiki hapana kummalizia mtu neno lake. Atakayemmalizia mwenziwe ataosha mbao zote.

Mselemu aliosha mbao mpaka vidole vikakunjamana.

Kisha Mwana Hidaya akajitanda buibui lake akaenda kwa Bwana Shee.

"Mwanao ana kigugumizi."

"Lile deko? Nikimchapa linakoma."

"Linakoma, au ananyamaza?"

Bwana Shee akaanza kuhesabu tasbihi.

"Sikiliza. Kila aliyeumwa na mtoto huyu, yule mtoto wa mfua fedha, binamu, Mselemu, alimnyang'anya neno kinywani kwanza. Nimewauliza mmoja mmoja. Kinywa kisichoachiwa kusema kimetafuta kazi nyingine. Hebu niambie, wewe uko juu ya msikiti, umefika 'Hayya ala', kisha atokee mtu akumalizie, 'samaki!' Ungemfanyaje?"

"Ningemtupa chini!"

"Basi mwanao ana huruma kukushinda. Yeye anauma tu."

Mwana Zena, aliyekuwa nyuma ya pazia, akacheka kwa sauti, kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu Maulidi. Na Bwana Shee akainamisha kichwa. Yeye mwenye sauti ya kutolewa mfano alikuwa anamwonea haya mwanawe mwenye sauti inayokwama. Hilo ndilo pepo lenyewe, na lilikuwa limempanda baba.

"Nifanye nini, Mwana?"

"Umsubiri."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Nawe utaliona zito kuliko kufunga zile siku sita za Shawali."

Na wallahi alilitaabikia. Mtoto alipoanza, "Ba... ba...", baba alishamaliza, kajibu, na kavaa viatu. Ikafika Ramadhani mambo yakiwa nusu kwa nusu: chuoni mtoto anasema, nyumbani ananyamaza.

Siku moja, jua linakaribia kuzama, watu wameshika tende barazani mwa msikiti, kadhi yuko mbele yao, Bwana Shee ameweka mguu kwenye ngazi ya kupandia. Mara Shekuwe akaja mbio. Kanzu imechanika begani, shavu lina mchubuko, na nyuma yake Mselemu naye anakimbia, ana vumbi mpaka kwenye kope.

Baba akajisemea moyoni: ameuma. Yamekwisha, kijana ametoka chuoni.

"Ba... ba... ba..."

"Bwana Shee!" akaita mtu barazani. "Jua hilo linazama! Watu wana njaa!"

Maneno "Baadaye, mwanangu" yalimfika ulimini. Yangekuwa na udhuru: adhana ni adhana, na kuharakisha futari ni sunna. Lakini aliliona taya la mtoto linavyokaza. Akageuka kwa Bwana Lali, mchota maji wa msikiti, mwenye sauti ya bawaba yenye kutu.

"Panda uadhini."

"Mimi?"

"Wewe. Upesi, jua limekwisha kuzama."

Bwana Lali akapanda, akanadi kwa sauti aliyopewa na Mola wake, kwa wakati wake, bila kupunguza herufi. Mji mzima ukatazamana. Mwanamke mmoja akauliza kama mwadhini amekufa. Naye mwadhini alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa, macho yake yamelingana na macho ya mwanawe, hata tende hajatia mdomoni, anasubiri.

"Ba-baba. M-Mselemu ka-kaniita f-f-fisi. Ka-kanisukuma. Mi-mimi ni... ni... ni..."

Kadhi, aliyekuwa amesogea, akasema kwa huzuni: "Ukamuuma."

Bwana Shee akainua mkono. Mkono wa mwadhini mbele ya uso wa kadhi! "Samahani, Sheikh wangu. Mwache amalize maneno yake."

Juu, Bwana Lali alikuwa amefika shahada.

"Ni-nikapiga ki-kiganja chini," akasema Shekuwe. "Ni-nikamwambia: si-si-sipendi. Si-sijamuuma, baba. Ni-nimesema."

Kadhi akamgeukia mwanawe. "Mselemu. Ni kweli?"

"Kweli, baba. Nilimsukuma mimi. Kisha akapiga chini."

"Nawe ukafanya nini?"

Mselemu akajikuna kisigino kwa kidole cha mguu wa pili. "Nikamsubiri. Nimechoka kuosha mbao."

Mtu mmoja akacheka, kisha wa pili, kisha baraza zima, wazee na ndevu zao, na ndani ya kicheko kile mtu akapaza takbira na wote wakaitikia. Kadhi akachukua tende ya kwanza, akampa Shekuwe, mtoto asiyefaradhiwa hata kufunga, kabla hajajipa mwenyewe. "Hukumu yangu nimeiondoa," akasema. "Kijana huyu ni wa chuo, na chuo ni chake." Na Bwana Shee bin Mahadhi, kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi ile, akafuturu kwa adhana ya mtu mwingine, na magharibi ilipokwisha kuswaliwa akambeba mwanawe mabegani akampitisha mtaa kwa mtaa mpaka kwa mamake, naye Mwana Zena akawapokea mlangoni kwa vigelegele, majirani wote wakisikia.

Kigugumizi hakikumtoka Shekuwe mpaka uzeeni. Alikuja kuwa mwalimu, na yasimuliwa kwamba watu waliketi kumsikiliza kwa utulivu ambao masheikh wepesi wa ulimi hawakuupata.

Enyi mlioamini, mtoto mdogo hana kitabu cha kukuandikia shida yake. Anaiandika kwa meno, kwa mateke, kwa kulala chini sokoni na kulia. Ukimpiga umefuta maandishi, shida imebaki. Mwekee mpaka, naam, aoshe alipojeruhi, naam. Lakini kwanza umsome. Subira ni ibada, na wengi wetu tumeifanya ya kungojea mvua na riziki tu, tukawanyima wale wanaotufika kiunoni.

Na nyinyi wenye kamati za madrasa na vyuo, mnaokaa viti vya mbele na kugawana mihuri, neno hili ni lenu. Kabla hamjamkabidhi mtu darasa la watoto wadogo, mpimeni subira kama mnavyompima tajwidi. Mketisheni na mtoto mmoja mtukutu, mtazame kitakachotangulia, sikio au mkono. Mkimwona hana subira mwondoeni, hata akiwa mkwe wa mwenyekiti. Na mfanye hivyo wiki hii, msituambie baada ya Idi.