Kidude Kilichouliza Majina

"Usimuulize jina, mpe jembe." Mmeisikia kwa mafundi wa kompyuta pale ofisini, mkadhani ni methali ya wakulima wa kale. Si ya kale hata kidogo. Nilikuwepo ilipozaliwa, na hasira niliyokuwa nayo siku ile haijanitoka vizuri mpaka leo. Kaeni niwaeleze ilikotoka.

Nilikuwa katibu wa chama cha wafugaji wa maziwa hapa Rungwe. Tulikuwa na mhimilishaji mmoja, yule mtaalamu anayepandisha ng'ombe kwa mrija, naye alihudumia vijiji vyote. Ng'ombe akiingia kwenye joto hangoji mtu: siku ikipita, unasubiri majuma matatu. Zamani aliyejuana na mtaalamu ndiye aliyehudumiwa. Ugomvi ulipozidi, mkutano ukaamua kiwekwe kidude kwenye tovuti ya chama, na kila mwanachama aombe zamu kwa simu yake aliyoiandikisha, si ya jirani wala ya shemeji. Bila zamu ya kidude, mtaalamu haendi.

Kazi tulimpa Ambakisye, kijana wa hapa hapa, mwenye akili na kiburi kidogo. Kidude chake kilipendeza, kina kalenda ya rangi na ng'ombe mdogo anayetikisa mkia. Lakini vivinjari, yaani zile programu za simu zinazofungua tovuti, havifanani. Kimoja kiliionyesha kalenda, kingine kikaacha pengo jeupe. Ambakisye akaona dawa ni kuweka bawabu. Kidude kikawa kinakiuliza kivinjari jina kabla ya kufunguka. Kikilitambua, karibu ndani. Kisipolitambua, kinaandika: "Samahani, kivinjari chako hakifai."

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Mtu akilalamika, Ambakisye anaongeza jina. Kesho yake kivinjari kimejisasisha, jina limebadilika, kimefungiwa nje tena. Vingine vilikuwa vimefukuzwa na mabawabu wengi wa namna hiyo hata vikazoea kujitaja kwa majina ya wenzao. Hivyo viliingia kwa heshima zote, halafu kalenda haionekani. Anayeweza yuko nje kwenye mvua, asiyeweza amekaa sebuleni. Nilimwambia Ambakisye mara nyingi kwamba huku ni kutwanga maji kwenye kinu. Akanijibu yamebaki majina machache tu.

Aliyeumia zaidi ni Bi Subilaga, mjane wa kule juu karibu na msitu. Alikuwa na ng'ombe mmoja, Sekela, na kishamba cha majani kisichotosha kulisha mnyama asiyetoa maziwa. Simu yake ilikataliwa joto la kwanza, ikakataliwa la pili. Akatuma neno ofisini kwamba la tatu likipita, Sekela anakwenda kwa mchinjaji, maana huruma haikamuliwi kwenye ndoo.

La tatu lilipofika alinipigia asubuhi. Nikamchukua Ambakisye, tukapanda mlima tukilowa. Tulimkuta Bi Subilaga bandani, ng'ombe analia, na kwenye simu maneno yale yale: hakifai. Ambakisye akaweka kompyuta juu ya debe, akaanza kumhoji mama wa watu. Kivinjari kinaitwaje? Mama hakujua, kilikuja na simu. Toleo gani? Mama akamtazama tu. Kijana akaongeza jina, wakajaribu, kikakataa. Akaongeza jingine, kikakataa. Kumbe kivinjari kile kilikuwa kinajitaja vingine kabisa, naye akawa analiwinda jina hilo huku mchana unakwenda. Bi Subilaga alikuwa akiinuka, anamshika Sekela mgongo, anarudi. Mimi nikashindwa kuvumilia.

"Ambakisye," nikamwambia, "vibarua wakija kulima shamba la chama, huwa nawauliza wanaitwa nani na wametoka ukoo gani?"

"Hapana, Katibu."

"Nafanyaje?"

"Unawapa jembe."

"Nawapa jembe, nawatazama. Anayelima analima, asiyejua namtafutia kazi nyingine. Basi na hicho usikiulize jina, kipe jembe. Kipe hiyo kalenda yako tuone kama kinaichora."

Akamwondoa bawabu. Haikuchukua hata muda wa kunywa maji. Bi Subilaga akagusa simu yake, na kalenda ikafunguka na rangi zake zote, na yule ng'ombe mdogo akatikisa mkia. Ile simu ilikuwa inaweza tangu siku ya kwanza. Mama akaichagua tarehe, akabonyeza, na kidude kikajibu kwa adabu kwamba zamu za leo zimejaa.

Hakutukana. Afadhali angetukana. Alituambia tushuke kabla njia haijaharibika, na kesho yake mchinjaji akaja.

Ambakisye alikaa ofisini akakifumua kidude chote. Majina yote akayafuta. Tangu hapo kila kivinjari hupewa kwanza kijikazi kidogo. Kikiiweza kalenda kinapata kalenda, kikishindwa kinapata visanduku vya kawaida vya kujaza, na hakuna anayefukuzwa. Kilipokamilika, akapanda mlima mwenyewe kumwonyesha Bi Subilaga, nami nikafuatana naye. Simu ya mama ikakifungua mara moja. Mama akavaa miwani, akasoma pole pole, kisha akampa Ambakisye simu aone.

"Kimefunguka vizuri, mwanangu," akasema. "Sasa kinaniuliza jina la ng'ombe. Nikiandikie nini?"

Kwa hiyo siku mkipewa kazi ya kutengeneza kitu cha watu, mkasikia hamu ya kuweka bawabu mlangoni, mkumbukeni yule mama na miwani yake. Usimuulize jina, mpe jembe.